Ngome za Gondar: Siku Moja ya Kupiga Picha Katika Makao ya Wafalme wa Uhabeshi

Watu wengi wakisikia habari za ngome ya mfalme, yenye minara, kuta nene na malango ya mawe, fikira zao huvuka bahari mara moja na kwenda Ulaya. Ni wachache wanaojua kwamba katika bara hili hili la Afrika, kaskazini ya Kenya, katika nchi ya Ethiopia ambayo wazee waliiita Uhabeshi, uko mji wenye ngome za kifalme zilizojengwa kwa amri ya wafalme Waafrika, na iliyo kubwa kati yake ina umri wa karibu miaka mia nne. Mji huo ni Gondar. Uko milimani, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, kaskazini ya ziwa kubwa la Tana, na hewa yake ina ubaridi kama ile ya nyanda za juu za Kenya.

Mgeni mwenye kamera, au hata simu ya mkononi tu, aweza kuzitembelea ngome hizo na viwanja vyake kwa siku moja, akarudi na picha nyingi za kuwaonyesha jamaa zake. Lakini wingi wa picha si faida yake. Wengi husimama mahali pamoja mbele ya ngome kubwa, wakapiga picha ya mnara na mbingu, wakajipiga wenyewe wakicheka, kisha wakaondoka. Picha ya namna hiyo yaonyesha tu kwamba fulani alifika. Haionyeshi ngome ilijengwaje, ilipatwa na nini, wala ni kwa juhudi ya nani ingali imesimama. Picha ya jengo la kale ikipigwa kwa uangalifu ni ushahidi, na iko siku ushahidi huo utatafutwa. Kwa hiyo yafaa siku hiyo moja itumiwe kwa akili.

Mji Aliouanzisha Fasil

Kwa muda mrefu wafalme wa Uhabeshi hawakuwa na mji mkuu wa kudumu. Walisafiri pamoja na jeshi lao, na makao yao yalikuwa mahema. Walikaa mahali miezi kadhaa, hata chakula na kuni zilipokuwa haba wakang'oa mahema na kwenda kwingine. Fasilides, ambaye watu humwita Fasil kwa kifupi, alishika ufalme mwaka 1632 akatawala hata mwaka 1667. Yeye ndiye aliyeigeuza desturi ile. Yapata mwaka 1636 alichagua Gondar, akajenga ngome yake ya mawe, na waliomfuata katika kiti cha ufalme wakaongeza majengo yao kandokando ya lile la kwanza. Gondar ukawa mji wa wafalme kwa zaidi ya miaka mia mbili, mpaka Tewodros wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1855, alipoyapeleka makao ya serikali mahali pengine.

Majengo hayo ya kifalme yamezungukwa na ukuta mmoja wa mawe wenye urefu wa meta 900, nao una malango kumi na mawili. Kila lango lilikuwa na jina lake na watu wake. Liko lango la majaji, la mkuu wa askari wa farasi, la wapiga zumari, na la wasokotaji wa nyuzi. Mpiga picha akiyajua hayo kabla hajaingia, hatapita langoni kama mtu apitaye mlango wa duka. Atasimama, atazame mawe ya kizingiti, na kufikiri ni watu gani waliokanyaga hapo, na walileta nini kwa mfalme.

Tena kuna jambo jingine la kujulikana mapema. Wako waandishi wa kigeni waliosema zamani kwamba ngome hizi ni kazi ya Wareno, kana kwamba wenyeji hawakuweza kuzijenga. Ni kweli kwamba askari Wareno walifika Uhabeshi mwaka 1541 kuusaidia ufalme katika vita, na baada yao wakaja mapadre Wajesuiti. Susenyos, baba yake Fasil, aliifuata dini ya Kikatoliki, na jambo hilo likaleta vita katika nchi. Lakini Fasil alipotawala aliirudisha dini ya asili ya Wahabeshi, akawafukuza Wajesuiti, na ngome yake aliijenga baada ya hapo. Wataalamu huona katika majengo ya Gondar ujuzi uliotoka Bara Hindi na Arabuni, na vilevile athari za Ulaya zilizoachwa na Wajesuiti. Mafundi walijifunza kwa wageni, kama mafundi wa nchi zote wafanyavyo, lakini amri ilikuwa ya wafalme wa nchi hiyo, na mawe yalikuwa ya milima yake. Mtu akipiga picha ya ukuta kwa karibu, hata mawe yake ya rangi ya kahawia na chokaa iliyoyashika yakaonekana wazi, amekwisha kujibu nusu ya maneno hayo ya zamani.

Saa za Mwanga

Msemaji wa Kiswahili ana bahati moja akifika Gondar. Wahabeshi huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia macheo na kuanzia machweo. Mwenyeji akimwambia kwamba wakutane saa mbili asubuhi, kwa desturi ya nchi hiyo ni saa mbili ile ile aijuayo, si saa mbili ya Wazungu. Wageni wa nchi nyingine hukosa safari zao kwa kutojua jambo hili, ila mtu wa Mombasa au wa Nakuru hana haja ya kufundishwa.

Saa zenyewe ni jambo kubwa kwa mpiga picha. Jua la asubuhi na la jioni hupita chini chini, likaupapasa ukuta kwa ubavu, na kila jiwe hutoa kivuli chake kidogo. Hapo ndipo ukuta huonekana kuwa ni kazi ya mikono, jiwe juu ya jiwe. Jua likiwa utosini, vivuli hivyo hupotea, ukuta huwa kama karatasi iliyobandikwa, na mbingu hung'aa mno hata kamera ikashindwa kuona kilicho kivulini. Basi mwenye siku moja tu na aipange hivi: asubuhi na mapema awe uwanjani mbele ya ngome, adhuhuri aingie ndani ya majengo na makanisa, ambako jua kali halimsumbui, alasiri arudi nje tena.

Yafaa pia kuchagua majira. Mvua kubwa za Gondar hunyesha tangu Juni mpaka Septemba. Zinapokwisha, nyasi huwa mbichi na maua ya manjano huchanua milimani, na hewa huwa safi imeoshwa vumbi. Mwezi wa Januari ni mkavu na mbingu zake ni nyeupe, nao ndio mwezi wa sikukuu kubwa itakayosimuliwa hapa chini.

Mbele ya Ngome Kubwa

Ngome ya Fasil mwenyewe ndiyo iliyo kubwa na iliyo nzima kuliko nyingine zote. Kila pembe ina mnara wa mviringo wenye kuba juu yake, na ukingo wa dari umekatwa meno meno kama ilivyo desturi ya ngome za vita. Juu ya hayo yote umesimama mnara wa pembe nne, na kimo cha ngome hata kileleni chafika meta 32. Milango na madirisha yana matao ya duara. Husemwa kwamba siku ya mbingu safi mtu aliye juu aliweza kuliona ziwa la Tana.

Mpiga picha asikimbilie kuinua kamera. Kwanza na aizunguke ngome yote kwa miguu, atazame jua liko upande gani, ni ukuta upi umepata mwanga na upi uko kivulini. Baada ya hapo yampasa apige picha za namna tatu. Ya kwanza ni ya mbali, inayoonyesha ngome nzima pamoja na uwanja wake na miti, ili atazamaye ajue imekaa mahali gani. Ya pili ni ya kati, ya upande mmoja au mnara mmoja, ambayo yaonyesha umbo. Ya tatu ni ya karibu, ya jiwe, tao, ngazi au mlango, ambayo yaonyesha kazi. Mtu akizikosa hizi za karibu, amerudi na sura ya ngome bila habari zake.

Yako makosa mawili ambayo wengi huyafanya hapa. La kwanza ni kusimama karibu mno na kuielekeza kamera juu ili mnara wote uingie. Matokeo yake ni kwamba kuta huonekana kama zinaanguka nyuma. Dawa yake ni kurudi nyuma, au kutafuta mahali palipoinuka, na kuishika kamera sawasawa bila kuiinamisha. La pili ni kupiga ngome peke yake, bila kitu cha kuipimia. Mtu asiyewahi kuiona hawezi kujua kama mlango ule ni wa kimo cha mtu au cha tembo. Basi na amwache mwenzake, au mlinzi aliyekubali, asimame kando ya mlango, si kwa kujipamba bali kwa kuwa kipimo.

Ndani, kuta za vyumba hazina mapambo mengi siku hizi, lakini mwenye macho ataona alama ya nyota ya Daudi, kwa kuwa wafalme wa Uhabeshi walijihesabu kuwa uzao wa Mfalme Sulemani na Malkia wa Sheba. Mwanga huingia kwa madirisha tu. Kamera ikielekezwa dirishani, chumba chote hugeuka giza. Afadhali mpiga picha alipe dirisha mgongo, au asimame ubavuni mwake, akaacha mwanga uangukie ukuta anaoutaka.

Majeraha ya Kuta

Kandokando ya ngome ya Fasil yako majengo ya waliomfuata. Iko maktaba ya mwanawe Yohannes wa Kwanza. Iko ngome ya Iyasu wa Kwanza, aliyetawala tangu mwaka 1682 hata 1706, ambayo ilisifiwa sana kwa mapambo yake ya pembe za ndovu, vioo na dhahabu. Iko nyumba ya nyimbo ya Dawit wa Tatu, ukumbi wa karamu na mazizi ya farasi ya Bakaffa, na ngome ya Malkia Mentewab, mkewe Bakaffa, aliyeshika mambo ya ufalme kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa mtoto. Viko pia vizimba vya mawe walimofungwa simba, maana simba alikuwa alama ya ufalme.

Watembeaji wengi hupita upesi hapa, kwa kuwa majengo kadhaa hayana dari tena. Hilo ni kosa. Mahali palipobomoka ndipo penye habari nyingi. Ngome ya Iyasu ilitikiswa na tetemeko la nchi mwaka 1704, wakati mfalme mwenyewe angali hai. Pembe za ndovu na vioo havipo tena, na mtu akisimama ndani huona mbingu. Katika miaka ya 1860 Tewodros aliupora mji na kuuchoma moto. Mwaka 1888 majeshi ya Mahdi kutoka Sudan yaliingia, yakachoma makanisa mengi. Mwaka 1936 wakaja Waitalia, wakautawala mji kwa miaka mitano na kujenga majengo yao wenyewe, ambayo mengine yangali yanaonekana katikati ya mji. Vita vilipowafuata huko, mabomu ya ndege za Waingereza yaliangukia hata majengo ya wafalme.

Hapo ndipo habari za Gondar zinapokutana na habari za Afrika ya Mashariki. Gondar ulikuwa ngome ya mwisho ya Waitalia katika nchi hizi. Miongoni mwa majeshi yaliyopelekwa kuuteka walikuwamo askari wa Keya kutoka Afrika ya Mashariki, waliopanda milima hiyo kwa miguu katika baridi, pamoja na Wahabeshi waliokuwa wakiipigania nchi yao. Mwezi wa Novemba 1941 walipigana Kulkaber, na tarehe 27 ya mwezi huo huo wakaushambulia mji wenyewe. Jioni ya siku hiyo magari ya deraya ya kikosi cha Kenya yalikuwa yamefika pembezoni mwa mji, na Jenerali Nasi wa Italia akasalimu amri. Wako wazee wengi ambao watoto na wajukuu wao walisikia jina la Gondar likitajwa nyumbani pasipo kujua ni mahali gani. Mtu wa Kenya akipiga picha ya ukuta uliovunjika katika uwanja huo, huenda anapiga picha ya jambo ambalo babu yake mwenyewe aliliona kwa macho.

Katika picha za majeraha haya, mpiga picha asijaribu kuyapendeza. Wengine hutafuta ua lililoota katika ufa, wakaufanya ufa kuwa pambo. Na apige ufa wote, tangu unapoanza hata unapokwisha, na mawe yaliyoanguka chini yake. Mwenye kujenga atakayeitazama picha hiyo miaka ishirini baadaye atataka kujua kama ufa umeongezeka, naye hataweza kulijua hilo kwa kutazama ua.

Kanisa Lililosalia

Adhuhuri, jua likiwa kali, ni wakati wa kwenda kanisa la Debre Berhan Selassie, ambalo liliponea moto wa mwaka 1888. Wenyeji husimulia kwamba nyuki walitoka wakawafukuza maadui. Dari ya kanisa hilo imejaa nyuso za malaika zenye macho makubwa, safu kwa safu, na kuta zake zimechorwa habari za Biblia na za watakatifu.

Huko kamera si bwana. Mgeni huvua viatu mlangoni, na asiinue kamera kabla hajapewa ruhusa. Taa ya kamera haitumiwi kabisa, kwa kuwa mwanga mkali huharibu rangi za kale, na kwa kuwa watu huja hapo kuomba. Mpiga picha mwenye busara huegemeza mkono wake juu ya nguzo au juu ya goti, akazuia pumzi, akaiacha kamera ichukue mwanga kidogo kidogo. Akikatazwa kupiga, na aweke kamera mfukoni na kutazama kwa macho yake. Hakuna picha inayostahili kununuliwa kwa kuwaudhi wenye kanisa.

Bwawa la Fasil na Watu Wake

Alasiri ni wakati wa bwawa la Fasil, umbali wa kilometa mbili hivi kutoka ngomeni. Ni hodhi kubwa ya mawe, yenye nyumba ya orofa ndani yake, ambayo hufikiwa kwa daraja. Mizizi ya miti mikubwa imepanda juu ya kuta za kuzunguka na kuzikumbatia kama vidole vya mkono. Kwa siku nyingi za mwaka hodhi huwa kavu. Sikukuu ya Timkat inapokaribia, yaani ukumbusho wa kubatizwa kwake Yesu, maji ya mto Qaha huletwa kulijaza. Sikukuu hiyo huangukia tarehe 19 Januari, na katika baadhi ya miaka tarehe 20. Makuhani hubariki maji alfajiri, na maelfu ya watu waliovaa shuka nyeupe hukusanyika, na vijana hujitosa majini. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliiandika Timkat katika orodha ya mila za kuhifadhiwa, kama lilivyoziandika ngome za Gondar katika urithi wa dunia mwaka 1979.

Mizizi ile ndiyo hupigwa picha kuliko vyote, na si ajabu, kwa maana yapendeza. Lakini jambo la kuangalia zaidi ni watu. Ngome bila watu ni mawe tu. Wako walinzi, wafagiaji, waashi, wanawake wanaouza kahawa, watoto watokao shule. Watu hao ndio wenye mahali pale, na desturi njema yamtaka mgeni asalimu kwanza, aombe, kisha apige. Mtu akikataa kwa mkono, maneno yamekwisha. Akikubali, aonyeshwe picha yake, na kama mgeni ameahidi kumpelekea nakala, basi ampelekee, maana ahadi ni deni. Wageni wangapi wameahidi picha katika nchi za Afrika, na ni wangapi waliozileta?

Kadhalika mpiga picha ajihadhari asielekeze kamera kwa askari, vituo vya polisi au kambi, wala asirushe ndege ndogo isiyo na rubani pasipo kibali. Na kabla hajafunga safari yampasa aulize habari za usalama, maana tangu mwezi wa Agosti 2023 yalizuka mapigano kati ya majeshi ya serikali na wanamgambo katika jimbo la Amhara, ambamo Gondar umo. Ngome zimesubiri miaka mia nne. Zaweza kumsubiri msafiri hata njia ziwe salama.

Saruji na Chokaa

Pengine msomaji atauliza, picha za mtembeaji wa siku moja zina kazi gani, na wataalamu wapo? Jibu limo katika kuta zenyewe. Wajenzi wa zamani walitumia mawe na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Ukuta ukinywa maji ya mvua, huyatoa tena jua likiwaka. Katika matengenezo ya nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, saruji ilitumiwa katika baadhi ya sehemu. Saruji ni ngumu lakini huyafungia maji ndani, na mwisho wake jiwe la kale huumia kuliko kiraka. Baadaye waliokuja kutengeneza ilibidi waiondoe saruji hiyo na kurudi kwenye chokaa. Watu hao hawakuweza kujua ukuta ulikuwaje mwanzoni ila kwa kuuchunguza wenyewe, na kwa michoro na picha za waliopita kabla yao.

Katika miaka ya 2024 na 2025 majengo ya Gondar yalifanyiwa tena matengenezo makubwa, na kuta zikapata sura mpya. Wengi walifurahi kwamba ngome zilizokuwa zikizeeka zimeshughulikiwa. Wengine waliuliza kama sura hiyo mpya ndiyo iliyokuwa ya asili. Si kazi ya mpiga picha kuwahukumu waashi. Lakini pande zote mbili, katika mashindano hayo ya maneno, zilihitaji kitu kimoja, nacho ni picha za ukuta kabla na baada. Aliyepiga mnara na mbingu hakuwa na la kuwapa. Aliyepiga jiwe, chokaa na ufa, na kuandika siku, alikuwa shahidi.

Jambo hili si la Uhabeshi peke yake. Kasubi, mjini Kampala, jengo kuu la makaburi ya Makabaka wa Buganda liliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Unguja, Beit al Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Siku moja kabla ya misiba hiyo, majengo hayo yalikuwapo, na watu walipita mbele yake wakiamini yatakuwapo kesho.

Daftari la Mpiga Picha

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nayo ni mali. Picha elfu zilizomo katika simu bila neno moja la maelezo, baada ya miaka kumi hata mwenyewe hazijui. Basi jioni ileile, kabla hajalala, mpiga picha na achukue daftari dogo na kuandika mambo manne kwa kila picha iliyo njema: jina la jengo, upande uliopigwa, siku na saa, na jina la mtu aliyeonekana kama amekubali liandikwe.

Katika kuandika siku, uko mtego mmoja. Kalenda ya Ethiopia ina miezi kumi na mitatu, mwaka wake mpya huanza Septemba, na hesabu yake iko nyuma ya kalenda ya Kenya kwa miaka saba au minane. Mlinzi akimwambia mgeni kwamba ukuta fulani ulitengenezwa mwaka fulani, yampasa aulize ni kwa hesabu ipi, na aandike zote mbili. Saa zinapatana, lakini miaka haipatani, na mtu asipojua hayo atawapotosha watakaosoma baada yake.

Baada ya kuandika, picha na zitunzwe mahali pawili, kwa maana simu huibwa na huanguka majini. Zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi na kupelekwa shuleni au katika maktaba ya wilaya, ambapo watoto watajifunza kwamba ngome za wafalme hazikujengwa ng'ambo tu.

Na asiyeweza kwenda Gondar asidhani kwamba maneno haya hayamhusu. Kila wilaya ina jengo lake la kale: msikiti, kanisa, boma la chifu, magofu ya mji wa pwani, au nyumba ya udongo iliyojengwa na babu kwa ujuzi ambao vijana hawanao tena. Jua la asubuhi hulipiga jengo hilo kama linavyoipiga ngome ya Fasil, nalo lina pembe zake, viraka vyake na nyufa zake. Picha yake ya mbali, ya kati na ya karibu, pamoja na siku iliyoandikwa nyuma, yaweza kupigwa kesho, kabla ya mvua kuanza.